Nani Amlipe Anayemsaidia Mtu Mwenye Ulemavu Kudai Mafao?

KIZIMKAZI, UNGUJA – Kutoka Kizimkazi Mkunguni hadi Mjini ni mwendo wa zaidi ya kilomita 50, kwa barabara inayopita Muyuni, Kitogani na Tunguu. Kwa kijana mwenye viungo vizima, safari hiyo ni nauli ya kwenda na kurudi pamoja na siku moja ya kazi. Kwa mtu asiyeona, au anayetumia kiti cha magurudumu, nauli huwa ya watu wawili, kwa kuwa ni lazima awepo wa kumshika mkono, na siku zinazopotea ni mbili, yake na ya huyo anayemsindikiza. Akifika ofisini akaelezwa kuwa hati moja imepungua, hesabu hiyo huanza upya.

Hapo ndipo anapojitokeza mtu wa tatu. Anaweza kuwa jirani anayejua kuandika barua, kijana mwenye simu ya kisasa, mstaafu anayezifahamu ofisi na taratibu zake, au mtu asiyefahamika vyema anayeahidi kwamba "atalishughulikia". Wapo wanaoifanya kazi hiyo kwa moyo wa ujirani, na wapo wanaotaka fungu lao. Malipo ya wasaidizi hao hayazungumzwi sana hadharani, ilhali ndiyo yanayoamua ni kiasi gani cha fedha iliyokusudiwa kwa mtu mwenye ulemavu kinamfikia mkononi.

Suala hili haliwahusu watu wachache. Sensa ya Watu na Makaazi ya mwaka 2022 ilionesha kuwa zaidi kidogo ya asilimia 11 ya watu nchini Tanzania wenye umri wa miaka saba na kuendelea wana ulemavu wa aina moja au nyengine. Katika shehia yoyote ile, iwe ya mjini au ya shamba, hakuna mtaa usiokuwa na kaya inayoguswa na jambo hili.

Milango minne, funguo tofauti

Chanzo kikubwa cha wananchi kumtegemea mtu wa kati ni kutofahamu kwamba mafao hayatoki katika mfuko mmoja. Zanzibar ina njia kadhaa za hifadhi ya jamii, na kila moja ina sharti lake.

Njia ya kwanza ni Pensheni Jamii. Mpango huu ulianza mwezi Aprili 2016 kwa kumlipa kila mzee aliyefikia umri wa miaka 70 shilingi 20,000 kwa mwezi, bila ya kuangalia iwapo aliwahi kuajiriwa au kuchangia mfuko wowote. Katika uongozi wa Awamu ya Nane, kiwango hicho kimepandishwa hadi shilingi 50,000. Fedha hizo zinatoka katika bajeti ya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. Sharti lake kuu ni umri pamoja na ukaazi, na ulemavu si sharti. Mzee wa miaka 72 asiyeona anastahiki kwa sababu ya miaka yake. Kijana wa miaka 30 mwenye ulemavu wa viungo hawezi kuingia kwa mlango huo, hata ulemavu wake uwe mzito kiasi gani.

Njia ya pili ni Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar, ZSSF, ulioanzishwa kwa Sheria Nambari 2 ya mwaka 1998. Miongoni mwa mafao yake ni yale ya ulemavu, ambayo hutolewa kwa mwanachama aliyekuwa akichangia kisha akapoteza uwezo wa kufanya kazi, baada ya uthibitisho wa kitabibu. Mhudumu wa hoteli iliyopo pwani ya Kusini, ambaye mwajiri wake amekuwa akimkatia na kumchangia, yumo katika mfuko huu. Mvuvi wa Kizimkazi Dimbani au mkulima wa mwani hayumo, isipokuwa kama amejiunga kwa mpango wa hiari.

Njia ya tatu ni fidia ya kuumia kazini, inayosimama juu ya Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 1986 na marekebisho yake. Hapa swali halihusu michango. Linalotazamwa ni iwapo ajali au maradhi yametokana na kazi, na kiwango cha ulemavu uliobaki.

Njia ya nne ni Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini unaosimamiwa na TASAF, ambao umefika Unguja na Pemba. Kipimo chake ni hali ya kaya nzima. Mtu mwenye ulemavu hunufaika akiwa ndani ya kaya iliyotambuliwa na jamii na kuthibitishwa kuwa maskini.

Mwananchi anayeujua mgawanyo huu hahitaji kuuziwa matumaini. Mtu wa kati akimwambia kijana wa miaka 30 kwamba kwa shilingi kadhaa "atamuingiza" katika Pensheni Jamii, kijana huyo atajua mara moja kwamba ama anadanganywa, ama anaalikwa kushiriki udanganyifu. Hakuna ada inayoweza kumpa mtu sifa asiyokuwa nayo. Kazi halali ya msaidizi ni kuidhihirisha sifa iliyopo.

Bure kwa anayepokea, gharama kwa anayetoa

Kuwakilishwa na mtu mwengine si jambo geni Zanzibar. Kwa miaka mingi mahakama za chini zimewafahamu mavakili, watu wasiokuwa mawakili kamili ambao waliruhusiwa kusimamia mashauri ya wananchi. Mwananchi aliyekwenda kwa vakili alijua anakwenda kwa mtu anayelipwa, na alijua pia kwamba mtu huyo anatambulika mbele ya mahakama.

Kwa wasiokuwa na uwezo, Zanzibar imeweka njia nyengine. Sheria ya Msaada wa Kisheria Nambari 13 ya mwaka 2018 inautambua msaada huo kuwa ni huduma isiyotozwa malipo kwa mtu asiyemudu gharama. Sheria hiyo imeweka utaratibu wa kuwasajili watoaji wa huduma, wakiwemo wasaidizi wa sheria wanaoishi na kufanya kazi ndani ya jamii, chini ya usimamizi wa Idara ya Katiba na Msaada wa Kisheria. Tanzania Bara ina sheria inayofanana nayo, Nambari 1 ya mwaka 2017. Taasisi kama Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar na Jumuiya ya Wanasheria Wanawake Zanzibar, ZAFELA, zimekuwa zikitoa elimu na msaada kwa muda mrefu.

Kwa hivyo, jibu la kisheria kwa mtu mwenye ulemavu asiye na uwezo ni wazi. Msaada anaostahiki haununuliwi.

Jibu hilo, hata hivyo, linaacha swali moja. Msaidizi wa sheria anayetoka Kizimkazi kumfuatilia mtu jalada lake Mjini analipa nauli. Anapiga simu, anatoa nakala za vyeti, anakaa kwenye foleni. Siku hiyo hakwenda baharini wala shambani. Gharama hizo zipo hata kama hazikuandikwa popote, na ni lazima zimwangukie mtu fulani. Zikilipwa na Serikali au na taasisi inayomsimamia, msaada unabaki kuwa wa bure kama sheria ilivyokusudia. Zikimwangukia msaidizi mwenyewe, atasaidia mara mbili au tatu kisha atachoka. Na akichoka yeye, nafasi yake huchukuliwa na mtu asiyesajiliwa, ambaye gharama zake zote na faida yake juu atazidai kwa mwenye mafao.

Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Methali hiyo inamfaa anayeweza kuinama. Asiyeweza anahitaji mkono wa mwenzake, na taifa lililoamua kumtengea haki yake mvunguni halina budi kufikiria pia ni nani atakayemtolea, na kwa gharama ya nani.

Somo la Marekani: asilimia yenye ukomo

Nchi ambayo imelifanyia kazi suala hili kwa uwazi mkubwa ni Marekani. Huko, mtu anayedai mafao ya ulemavu katika mfumo wa hifadhi ya jamii anaruhusiwa kumteua mwakilishi, awe wakili au mtu mwengine anayekubalika. Mwakilishi hawezi kujitoza ada kwa siri, kwani malipo yake ni lazima yaidhinishwe na mamlaka inayosimamia mafao.

Utaratibu unaotumika zaidi ni wa makubaliano ya ada. Dai likishinda, mwakilishi hupata asilimia 25 ya malimbikizo, yaani fedha za miezi iliyopita ambazo mdai alistahiki kulipwa, lakini kwa sharti kwamba kiasi hicho kisizidi ukomo uliowekwa. Ukomo huo ulikuwa dola 7,200 kuanzia mwishoni mwa Novemba 2022, na ukapandishwa hadi dola 9,200 kuanzia mwishoni mwa Novemba 2024. Mara nyingi mamlaka yenyewe hulikata fungu hilo katika malimbikizo na kumlipa mwakilishi moja kwa moja. Katika makubaliano ya namna hii, dai likishindwa hakuna malimbikizo, na mwakilishi hapati ada hiyo. Malipo ya kila mwezi yanayofuata baada ya hapo ni ya mwenye mafao, na fungu la mwakilishi haliendelei kuyafuata.

Utaratibu huo una mambo matatu ya kujifunza: ada inajulikana kabla ya kazi kuanza, ina ukomo, na inapita katika macho ya mamlaka. Una upungufu wake pia. Mwakilishi anayelipwa kwa asilimia ya malimbikizo hana sababu kubwa ya kuharakisha, kwa kuwa dai linavyochelewa ndivyo malimbikizo yanavyokua, ingawa ukomo hupunguza kishawishi hicho. Vilevile, kesi yenye fedha kidogo haimvutii.

Hesabu isiyokubali

Upungufu huo wa mwisho ndio unaoufanya mfano wa Marekani usiweze kuchukuliwa kama ulivyo na kupandikizwa Unguja. Ichukuliwe hesabu ya mzee mwenye ulemavu wa miguu ambaye, kwa mfano tu, amecheleweshewa Pensheni Jamii kwa miezi sita. Malimbikizo yake ni shilingi 300,000. Asilimia 25 ni shilingi 75,000, sawa na mwezi mmoja na nusu wa pensheni yake. Kwake yeye hilo ni pengo kubwa. Kwa mwakilishi wa kulipwa, baada ya kutoa nauli za safari kadhaa, huenda lisilipe hata siku alizopoteza. Ada hiyo ingemuumiza mdai na bado isingemvutia mwakilishi mwenye ujuzi.

Hali mbaya zaidi ni ya fungu la kila mwezi. Msaidizi anayekubaliana na mzee kwamba "kila ikitoka, elfu kumi yangu" anaonekana kuomba kidogo. Kwa mwaka, elfu kumi hizo ni shilingi 120,000, sehemu moja ya tano ya pensheni yote, na zaidi ya miezi miwili ambayo mzee anaishi bila ya kupata chochote. Kazi ya kumsajili ilifanyika mara moja, lakini inalipiwa maisha yote. Fedha ya umma iliyotengwa kumwinua mnyonge inageuka kuwa mshahara wa mtu ambaye hakuna sheria iliyomwajiri.

Kwa mafao ya ZSSF na fidia za kuumia kazini hesabu ni nyengine. Huko kunaweza kuwa na malipo ya mkupuo, mgogoro na mwajiri, au ubishi juu ya kiwango cha ulemavu unaohitaji hoja za kitaalamu. Mfanyakazi aliyepoteza mkono katika mashine anaweza kuwa na sababu nzuri ya kumtafuta wakili na kumlipa. Pale ambapo dai linahitaji utaalamu wa kisheria na fedha zinazobishaniwa ni nyingi, ada yenye maandishi na ukomo ni jambo la haki kwa pande zote mbili. Pale ambapo dai ni la kujaza fomu na kuthibitisha umri, ada yoyote inayotoka mfukoni mwa mdai ni kubwa mno.

Kudai ni kazi moja, kupokea ni nyengine

Jambo jengine linalochanganywa ni tofauti kati ya mtu anayemsaidia mwenzake kudai na mtu anayempokelea fedha. Wa kwanza kazi yake ina mwisho, kwani dai likikubaliwa au kukataliwa, amemaliza. Wa pili anashika fedha za mtu mwezi baada ya mwezi, na mamlaka yake ni makubwa zaidi.

Nchini Kenya, mpango wa kuwalipa fedha watu wenye ulemavu mkubwa, ambao sasa ni sehemu ya Inua Jamii na kiwango chake ni shilingi 2,000 za nchi hiyo kwa mwezi, unamtambua mlezi anayeweza kupokea kwa niaba ya asiyeweza kwenda mwenyewe. Marekani nayo ina utaratibu wa mpokeaji aliyeteuliwa, na kwa kawaida ndugu au rafiki anayefanya kazi hiyo haruhusiwi kujilipa ada kutoka katika mafao ya anayemtunza. Msingi wake ni kwamba anayeshika fedha za mwengine ni mwenye amana, na amana haina posho isipokuwa iliyoruhusiwa na sheria.

Katika Zanzibar ya leo, ambapo malipo mengi yanapita katika simu na akaunti za benki, kupokea kunaweza kuhama kutoka mkono mmoja hadi mwengine bila ya hati yoyote. Inatosha laini ya simu kusajiliwa kwa jina la msaidizi, au nambari ya siri kukaa kichwani mwa mtu asiyekuwa mwenye mafao. Tangu hapo, mwenye mafao anakuwa mtu wa kuuliza iwapo zimetoka.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwezi Novemba 2009, unagusa jambo hili katika ibara mbili. Ibara ya 28 inatambua haki ya hifadhi ya jamii. Ibara ya 12 inatambua kwamba mtu mwenye ulemavu ana hadhi kamili mbele ya sheria, ikiwemo kusimamia mambo yake ya fedha, na kwamba akihitaji msaada wa kufanya uamuzi, apewe msaada huo kwa njia inayoheshimu matakwa yake. Zanzibar nayo, baada ya Sheria Nambari 9 ya mwaka 2006 iliyoanzisha Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu, imepitisha Sheria mpya ya Watu Wenye Ulemavu, Nambari 8 ya mwaka 2022. Kwa msingi huo, msaidizi mwema humwezesha mwenye haki kusema mwenyewe. Akianza kusema badala yake bila ya kumuuliza, amevuka mpaka.

Kinachowezekana kufanyika

Njia ya uhakika ya kupunguza malipo kwa watu wa kati ni kupunguza sababu za kuwahitaji. Kila safari ya Mjini inayoondolewa ni fungu moja linalobaki kwa mwenye mafao. Uhakiki unaofanyika ndani ya shehia, maofisa wanaomfikia asiyeweza kutoka nyumbani, fomu zilizoandikwa kwa Kiswahili chepesi, maelezo ya sauti kwa asiyeona na mkalimani wa lugha ya alama kwa kiziwi, yote hayo ni hifadhi ya jamii sawa na fedha yenyewe.

La pili ni kuwagharamia wasaidizi wa sheria. Nauli na gharama za mawasiliano za msaidizi aliyesajiliwa ni kiasi kidogo kwa bajeti ya taasisi, lakini ni kikubwa kwa mtu binafsi. Zikilipwa kwa utaratibu unaokaguliwa, msaidizi hatokuwa na haja ya kumtazama mdai mfukoni, na mwananchi ataweza kumtofautisha msaidizi wa kweli na dalali. Jumuiya za watu wenye ulemavu zilizo chini ya shirikisho lao, SHIJUWAZA, zina nafasi ya pekee hapa, kwa kuwa zinawafahamu wanachama wao na aina ya msaada ambao kila mmoja anauhitaji.

La tatu ni kuweka kanuni bayana kwa madai makubwa. Mdai wa fidia anayemlipa mwakilishi anahitaji kujua ukomo wa ada kabla ya kutia saini, kama ilivyo kwa wadai wa nchi nyengine.

Kwa upande wao, wananchi wana hatua ambazo hazihitaji kusubiri. Kabla ya kumpa mtu fedha, mwenye kudai au familia yake amuulize sheha, au afike katika ofisi inayohusika, ili ajue fao analolidai ni lipi, sharti lake ni nini na iwapo kuna ada yoyote ya Serikali. Anayejitambulisha kuwa ni msaidizi wa sheria aulizwe amesajiliwa wapi. Makubaliano yoyote ya malipo yaandikwe, yataje kiasi na yataje mwisho wake. Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi kisiachwe mikononi mwa mtu mwengine, na laini ya simu inayopokea mafao iwe kwa jina la mwenye mafao. Ofisa wa umma akitaka malipo ili kupitisha jalada, hiyo ni rushwa, na mahali pa kuiripoti ni Mamlaka ya Kuzuia Rushwa na Uhujumu wa Uchumi Zanzibar.

Jirani anayemshika mkono mzee wa Kizimkazi hadi kwenye gari ya abiria na kumfikisha ofisini anastahiki shukurani ya jamii nzima, na nauli yake inastahiki kulipwa. Jambo la kuhakikisha ni kwamba nauli hiyo haitoki katika shilingi 50,000 ambazo mzee huyo alikuwa akizifuata.